Saratani ya baba imerudi kwenye ini, tununue unga wa kuzima jeni?

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu ana miaka 61. Mwaka juzi alipasuliwa saratani ya utumbo mpana, akapigwa dripu za kemo, vipimo vikatoka safi. Sasa CT-scan inaonyesha madoa mawili kwenye ini. Daktari wake alisema zilibaki "seli shina za saratani", akaondoka haraka. Mimi mtoto wa shamba nikaelewa ni kama ndago: umekata majani, kiazi kimebaki chini. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu anauza unga wa "kuzima jeni za seli shina", chupa shilingi 180,000. Ndugu wameanza kuchanga. Tununue? Na sisi watoto tumerithi? Kaka ana miaka 43, mimi 36. (Binti wa Muheza)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe baba pole zangu. Nianze na pesa kwa kuwa michango inaendelea: msinunue.

Mimi ni mtu wa patholojia. Nyama inayokatwa kwenye upasuaji huishia mezani kwangu. Tunaizamisha kwenye nta, tunaikata vipande vya mikroni 4 hivi, tunaitia rangi ya zambarau na waridi. Utumbo mpana wenye afya, chini ya hadubini, ni vishimo vilivyosimama wima, sambamba. Chini kabisa ya kila kishimo ndipo zinapokaa seli shina, zikizaa seli mpya kufidia zinazopukutika juu. Utando wote hubadilika kila baada ya siku chache. Kwenye saratani vishimo vimebanana, vimepinda, vingine vimeungana. Hata humo seli hazilingani: chache zina nguvu ya kuanzisha uvimbe upya, nyingi zimekwisha komaa. Kwa rangi zangu hizo mbili sizitofautishi. Lazima nitafute alama kama LGR5, protini inayokaa juu ya seli shina.

Seli shina na mtoto wake aliyekomaa wana DNA ileile kwa sehemu kubwa. Tofauti ni jeni zipi ziko wazi na zipi zimefungwa. Methili, yaani vibandiko vidogo vya kemikali, zikibandikwa mwanzoni mwa jeni, kwa kawaida jeni hiyo hunyamaza. Protini iitwayo EZH2 nayo hufunga jeni, ila yenyewe hubandika methili kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA imezizunguka. Hiyo ndiyo epijenetiki, na si habari ya jana: mwaka 1983 Andrew Feinberg na Bert Vogelstein walionyesha kwamba baadhi ya jeni za saratani ya utumbo mpana zina methili pungufu kuliko nyama yenye afya ya mgonjwa yuleyule.

Sasa ndago yako, umeipatia nusu. Mwaka 2017 kundi la Toshiro Sato wa Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, lilipandikiza saratani ya utumbo ya binadamu kwa panya, likaua seli zenye LGR5 peke yake. Uvimbe ukanywea. Walipoacha, ukaota tena, kwa kuwa seli zilizokomaa zilirudi kuwa shina. Jani limegeuka kiazi! Vifungo vya epijenetiki hufunguka na kufungwa tena, ndiyo maana kurudi nyuma kunawezekana.

Kwa hiyo anayekuuzia chupa ya kumaliza shina anakuuzia kitu ambacho hata maabara hizo hazina. Dawa za kuondoa methili zipo, azasitidini na desitabini, lakini hutumika hasa kwa magonjwa ya uboho na damu, na hazichagui jeni. Kwa saratani ya utumbo mpana zimejaribiwa. Bado si tiba ya kawaida.

Hela hiyo ipelekeni kwa daktari wa upasuaji wa ini. Muulizeni: haya madoa mawili yanakatika? Wapo wanaopona kwa njia hiyo, na idadi ndogo hivyo ni sababu ya kuuliza mapema.

Kuhusu kurithi: methili za uvimbe kwa kawaida zimebandikwa humohumo utumboni mwa baba, hazikupita kwenu. Lakini ombeni ripoti ya patholojia mwone kama MLH1, protini inayosaidia kurekebisha makosa ya DNA, ilipimwa. Ikiwa haipo, waulizeni kama ni methili iliyoizima au ni hitilafu ya ukoo. Hiyo ya pili ndiyo inayorithiwa, na ratiba ya vipimo hubadilika. La sivyo, kwa umri aliougua baba, miongozo mingi humtaka mtoto aanze kupimwa utumbo kwa kamera akifika miaka 40. Kaka yako amechelewa, aende. Wewe una muda, ila ukiona damu chooni usisubiri, wala usiisingizie bawasiri.