Nani Ataitikia?

Kila mwaka wananijia vijana wawili watatu wanaotaka kukusanya hadithi za wazee hapa Dar es Salaam. Wengi ni wanafunzi, mmoja mmoja anataka tu kuwatambia watoto wa mtaani kwake. Swali lao la kwanza ni simu gani inarekodi vizuri. Simu yoyote inarekodi. Mimi nawauliza: nani ataitikia?

Swali hilo nililipata kwa aibu. Mara yangu ya kwanza nilikwenda Mbagala kwa bibi mmoja aliyesifika kwa hadithi. Nilifika saa nne asubuhi, wajukuu wako shule. Nikampa shikamoo, nikamwomba tuingie ndani, nikafunga dirisha kwa ajili ya bodaboda, nikazima feni isiingie kwenye sauti. Jasho linatutoka. "Haya bibi, nitambie ile ya Sungura na Fisi."

Akanitazama. "Sungura alimdanganya Fisi, Fisi akafa. Ndiyo hiyo, mjukuu wangu."

Nikajua amechoka, nikaaga. Akanizuia ninywe chai, chai ikazaa ugali wa mchana, na wajukuu wakarudi. Mmoja hata begi hajatua, anadai hadithi. "Mchana huu? Mtaota mikia!" Wakamng'ang'ania. Mwishowe akaita "Paukwa!" na uani kote kukajibiwa "Pakawa!" Fisi yuleyule aliyekufa kwa sentensi moja sasa alikuwa akichechemea juu ya mkeka, bibi mwenyewe kasimama, kajishika kiuno, anaimba na watoto wanapokea. Nusu saa ikapita. Simu yangu ilikuwa mfukoni, imezimwa.

Shuleni tulikariri kwamba fasihi simulizi ina fanani, yaani mtambaji, na hadhira, tukaandika kwenye mtihani, tukapata maksi. Kumbe hatukuelewa kitu. Anayeitikia ndiye anayeivuta hadithi imtoke mtambaji.

Kwa mnaotaka kutamba wenyewe, chukueni ile ya Kima na Papa. Askofu Edward Steere aliipata kwa wasimulizi wa Unguja, ikachapishwa London mwaka 1870. Kima anamdondoshea rafiki yake Papa matunda ya mkuyu ulioinamia bahari. Siku moja Papa anambeba mgongoni kumpeleka kwao, na huko katikati ya maji anafunguka: sultani wao mgonjwa, dawa yake moyo wa kima. Kima anasema, ah, ungeniambia mapema, sisi mioyo tunaiacha mitini. Wanarudi. Kima anapanda juu, kimya. Papa anaita: haya, twende!

Hapo nyamaza na wewe. Mtambaji mgeni huogopa ukimya, akakimbilia jibu. Tulia, tazama juu kama vile Kima yuko darini. Watoto watapasuka: "Usishuke!" Atatokea mmoja wa kuuliza moyo unaachwaje mtini, usimjibu, wenzake watammaliza. Kelele zikipungua ndipo Kima anamwuliza Papa kama anamfanya yeye punda wa dobi, na papo hapo inazaliwa hadithi ya pili, ya huyo punda, ndani ya ya kwanza. Wakianza kusinzia, punda mwekeni kesho. Kitabuni maneno ya Kima yapo, ila zile kelele hazipo, na nadhani ndiyo sababu wengi wakiisomea watoto wanaona imepoa.

Msikariri neno kwa neno. Shikeni mifupa ya kisa, na wimbo kama upo, maana wimbo ukikosewa watoto hawana pa kupokelea.

Mambo ya daftari ni machache. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, muulize kama anataka jina lake litajwe, andika tarehe, mahali, na yeye aliisikia kwa nani. Akichanganya Kizaramo, andika Kizaramo. Usimsanifishie mzee maneno yake. Mikono mitupu usiende, hata sukari kilo moja. Feni iache izunguke, bodaboda zipite.

Na nendeni baada ya magharibi, watoto wakiwa wamekula. Umeme ukikatika katikati ya kisa, msiwashe tochi za simu. Sogeeni tu karibu na mkeka, muitikie.