Kabla ya kuuliza farasi wangapi, uliza mizunguko mingapi

Kila nikiombwa nisindikize mtu kukagua gari, swali lake la kwanza ni nguvu za farasi. Langu huwa jingine: toki yake inafika kileleni injini ikiwa kwenye mizunguko mingapi kwa dakika?

Toki ndiyo nguvu inayosokota krankishafti, ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni. Nguvu za farasi ni toki hiyohiyo ukiipigia hesabu pamoja na kasi: zidisha nyutoni-mita (kipimo cha toki) kwa mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 9549, unapata kilowati, kipimo kingine cha nguvu hizohizo za farasi. Kwa hiyo injini hupata farasi wengi ama kwa kusokota kwa nguvu, ama kwa kuzunguka mbio.

Chukua Honda S2000 ya 1999 na Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha saba, zote petroli lita 2. Honda, isiyo na turbo (feni inayosukumia injini hewa zaidi), ina farasi 240, ila uwafuate kwenye mizunguko 8300. Toki ni nyutoni-mita 208, tena kwenye 7500. Golf ina farasi 220, lakini nyutoni-mita zake 350 zipo tangu 1500 hadi 4400. Uko nyuma ya lori mlimani, mizunguko 2000: Golf unaikanyaga tu inaondoka, Honda inataka ushushe gia kwanza. (Wapo wanaosema hapo ndipo raha ilipo, na sibishani nao.)

Wanaosifia mvuto wa dizeli za zamani nawaelewa nusu. Ile injini ya 1HZ ya Toyota, lita 4.2 bila turbo, hutoa nyutoni-mita 285. Dizeli yao mpya zaidi, 1GD ya lita 2.8 yenye turbo, ilipotoka ilitoa hadi 450. Ya zamani inachoshinda ni utiifu: ukikanyaga inaitika papo hapo, haingoji turbo ijae.

Mimi hujaribu hivi: gia ya tatu, naacha mshale wa mizunguko ushuke hadi 1500, nakanyaga nusu, nasikiliza kama inavuta au inazubaa. Gari la otomatiki liweke kwenye gia za kuchagua mwenyewe, la sivyo giaboksi itashuka gia kimyakimya na kuficha udhaifu.

Ila usiligeuze jaribio hilo kuwa mazoea. Injini ndogo ya petroli yenye turbo ukiikanyaga hadi mwisho ikiwa gia ya juu na mizunguko michache, mafuta yanaweza kuwaka kabla ya cheche ya plagi, na pistoni ikapasuka. Shusha gia, ndipo ukanyage.