Stata inalia "ta" tu, mashine ya boti haizunguki

Kaka, kama ukiwasha inalia ta moja na mashine haizunguki, usikimbilie kununua stata mpya (ile mota ya kuzungusha mashine iwake), anza na betri. Pima na mita, ikijaa inasoma kama volti 12.6, sasa weka gia nyutro mtu awashe huku unaangalia, ikiporomoka chini ya 9 betri imechoka au haina chaji. Isiposhuka, basi chomoa betri ufungue viungio vyote vya waya, hasa ule wa hasi unaofungwa kwenye injini, chumvi inakula pale mpaka panaota kijani, piga msasa, kaza, paka grisi. Mi ilinitesa wiki nzima kumbe ni huo waya tu. Bado ikigoma ndo uangalie solenoidi, ile swichi inayopeleka umeme wa betri kwenye stata. Na tafadhali, usiende baharini bila kasia.