Kabla hujanunua sensa, pima: kwa wenye malori Mwanza

Nimefanya umeme wa malori hapa Igoma muda wa kutosha kuchoshwa na sentensi moja: "Fundi, mashine imesema sensa ya busti imekufa, nimeshanunua nyingine." Mashine ya kusomea hitilafu haijasema hivyo. Imetoa kodi, yaani alama ya hitilafu, yenye namba mbili. Ya kwanza, SPN, inataja eneo: 102 ni mgandamizo wa hewa inayoingia kwenye injini (ndiyo busti), 110 ni joto la maji, 100 ni presha ya oili. Ya pili, FMI, inataja aina ya hitilafu; ndiyo watu wanairuka, na utamu wote umo humo. Ukiona 3 au 4, umeme wa sensa umezidi au umeshuka mno. Anza na waya na soketi. Ukiona 0 au 1, sensa huenda inasema kweli na ugonjwa uko kwenye injini yenyewe: mpira wa intakula (kipoza hewa) umepasuka, au tabo, feni inayosukuma hewa kwenye injini, imechoka.

Kontrol boksi, kompyuta ya injini, inaamini inachoambiwa na sensa. Ikiambiwa hewa ni kidogo, inabana dizeli ili gari lisitoe moshi mweusi, na lori la samaki linajivuta mlimani wakati injini haina kasoro yoyote.

Kuna kipimo cha bure. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua swichi bila kupiga stata, kisha soma busti. Tabo haizunguki, kwa hiyo sensa inatakiwa isome hewa ya nje tu. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo tarajia kilopaskali 88 hivi, si 101 za Dar es Salaam. (Mashine nyingine huandika sifuri, maana zimeshaitoa hewa ya nje.) Nimeona sensa nzima ikitupwa kwa sababu fundi alizoea namba za pwani.

Hapo hapo linganisha joto la maji, la hewa na la dizeli. Gari lililolala usiku kucha, zote zinakaribiana. Inayojitenga ndiyo ya kushuku. Ikisoma nyuzi 40 chini ya sifuri, tena Mwanza hii, tafuta waya uliokatika au soketi iliyochomoka.

Na vijana wanaoosha malori kwa pampu pale ziwani, waambie wasielekeze maji kwenye soketi. Pini zikishaota ukijani, kodi huja na kuondoka kadiri gari linavyotikisika. Chomoa, safisha kwa dawa ya kupuliza ya umeme, kausha kwa upepo wa kompresa, rudisha, futa kodi, kisha endesha ukiwa na mzigo ndipo upime tena.