Nahodha kulewa jahazi la kwenye miwani

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Lamu. Nimetengeneza safari ya jahazi ya uhalisia pepe, ile ya kuvaa miwani ukajiona uko ndani ya picha, kutoka gati ya mjini hadi Shela. Nilimvisha miwani babu yangu, nahodha ambaye bahari haijawahi kumlevya. Dakika mbili hazijaisha akaivua, jasho linamtoka, akaomba ndoo. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na mpe babu pole. Uzoefu wake ndio uliomponza. Katika miaka ya 1950, huko Marekani, walimu wa urubani waliugua ndani ya mashine za mazoezi ya helikopta kuliko wanafunzi wao. Mwili wa babu unajua sitaha inavyopaswa kumwinua. Macho yakimwambia wimbi limepita na makalio hayakuinuka, ubongo unakataa.

Shika jambo hili moja: sikio la ndani halihisi mwendo, linahisi mwendo unapobadilika. Jahazi likienda kasi ileile kwa mstari ulionyooka, sikio limenyamaza hata baharini kweli, kwa hiyo hapo macho na sikio havigombani. Ugomvi unaanza likiongeza kasi, likipunguza, likigeuka au likiyumba.

Naamini kosa lako kubwa ni kuifunga kamera kwenye sitaha, upeo wa macho ukawa unalala huku na huku. Uache upeo ulale sawa. Mawimbi yaonyeshe kwa tanga kutikisika na maji kurukia omo, yaani mbele ya jahazi. Likiondoka, jahazi lishike kasi yake mara moja, na likifika lisimame mara moja, bila kasi kupanda au kushuka polepole, ili ugomvi uwe wa kitambo tu. Penye kupiga bisho, yaani kugeuza jahazi kupinga upepo, usimzungushe mtu: giza la nusu sekunde, kisha mwangaza, foromali, ule mti unaobeba tanga, imeshahamia upande wa pili. Pasipoepukika kugeuka, funika kingo za picha abaki anaona katikati tu. Fernandes na Feiner wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha mwaka 2016 kwamba hilo hupunguza kichefuchefu.

Mwendo wa kichwa chake lakini usiuguse. Akigeuka kutazama kisiwa cha Manda, picha imfuate papo hapo, ndani ya milisekunde 20, bila kushuka chini ya fremu (picha) 72 kwa sekunde. Ikibidi, punguza mikoko ya pwani. Kompyuta inachoka kuichora, na hakuna atakayeihesabu.

Pima pia umbali kati ya mboni za macho yake. Miwani ya aina ya Quest 2 ina nafasi tatu za kupanga lenzi, milimita 58, 63 na 68, na wengi huvaa kama walivyoikuta.

Ajaribu tena kesho, si leo, akiwa ameketi, feni ikimpepea usoni, dakika tatu tu. Jasho la kwanza likitokea avue, kuvumilia kunazidisha. Asishuke ngazi za gati wala kupanda boti mpaka atulie kabisa. Kisha muulize ni pale jahazi lilipofanya nini ndipo tumbo lilipoanza kumgeuka. Hapo ndipo pa kurekebisha kwanza.