Mlo wa mwezi kwa nyumba ya watu sita

SWALI: Shikamoo shangazi. Tuko watu sita hapa Kisauni. Mshahara ukiingia tunakula samaki na pilau, lakini ikifika tarehe 20 ninakopa unga dukani. Nipangeje mapishi?
Mama Watoto, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiandike vyakula vya siku 30, kwani orodha ndefu namna hiyo huvunjika mapema. Andika mapishi ya siku 7 wanayoyapenda watoto, uyazungushe mara nne, ukibadilisha mboga kulingana na bei ya sokoni. Mshahara ukiingia, nunua katika soko la Kongowea mchele, unga, pojo (choroko) na mbaazi kwa pamoja, kisha uvigawe mafungu manne, na fungu la wiki ya nne lisiguswe kabla ya siku yake.

Samaki ndio mtihani. Wakati wa kusi, ule upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, bahari huchafuka, wavuvi wa vyombo vidogo hutoka kwa nadra na bei hupanda, kwa hiyo miezi hiyo samaki awe mara moja kwa wiki, na mbaazi za nazi zishike nafasi yake. Ziloweke usiku, uchemshe za siku mbili, lakini mbaazi za leo tu ndizo uzitie nazi, kwa sababu tui huchacha upesi kwa joto letu: tui jepesi kwanza, tui zito mwishoni, moto mdogo, huku ukikoroga lisikatike.

Pilau ya Ijumaa usiwanyime. Ipikeni, hata ikiwa nyama ni robo kilo.