NFL: Ratiba nyepesi inabeba timu? Tazameni msimu wa 2008

Wakuu, salaam.

Mleta mada kauliza mambo mawili. Kwa nini NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, inaipa timu iliyoshika mkia ratiba nyepesi msimu unaofuata? Na timu inayofika mtoano kwa kupangiwa vibonde, ihesabiwe kweli ni timu? Wachangiaji wengi hapo juu wamejibu kwa kunukuu ile orodha inayotoka kila mwaka kabla ya ligi kuanza, yenye kupanga timu zote kuanzia ratiba ngumu hadi nyepesi. Mimi niko Massachusetts miaka mingi, mchezo huu nimeujulia huku huku, na ile orodha siiamini hata kidogo.

Kwanza kwa wageni. Ligi Kuu yetu ina timu 16, kila mmoja anakutana na kila mmoja nyumbani na ugenini, mechi 30, basi. Ukilalamikia ratiba unalalamikia viporo na safari, si wapinzani. NFL ina timu 32 na mechi 17 tu (zilikuwa 16 hadi 2020), kwa hiyo unakutana na wapinzani 14 kati ya 31. Nani hao? Hapangi mtu ofisini, kanuni ndiyo inayoamua. Kuna pande mbili, AFC na NFC, kila upande una makundi manne ya timu nne nne. Wenzako watatu wa kundi unacheza nao mara mbili mbili, mechi sita. Kundi moja zima la upande wako, mechi nne. Kundi moja zima la upande wa pili, nne nyingine. Makundi hayo yanabadilishwa kwa zamu mwaka hadi mwaka. Zinabaki mechi tatu, na hizo tu ndizo zinazofuata nafasi uliyomaliza mwaka uliopita: bingwa wa kundi anapewa mabingwa wenzake, wa mwisho anapewa wa mwisho wenzake. Enzi za mechi 16 zilikuwa mbili.

Kwa hiyo huo upendeleo wa timu ya mkia mnaoupigia kelele ni mechi tatu. Zilizobaki wanagawana wapinzani wale wale na bingwa wa kundi lao.

Sasa njooni 2008. Nilikuwa nafanya zamu za jioni kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Lowell. Mzee mmoja mkazi pale, shabiki wa Patriots, timu ya huku Massachusetts, tangu wanaitwa Boston Patriots, alikuwa amebandika ratiba ukutani pembeni ya kitanda. Kando ya kila mpinzani ameandika kwa kalamu nyekundu idadi ya mechi alizoshinda 2007, na chini kabisa amejumlisha: 99. Katika mechi 256 za wapinzani wote hao, ushindi 99 tu. Hakukuwa na ratiba nyepesi kuliko hiyo ligi nzima. Iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa ya Pittsburgh Steelers. Kwa hesabu ile ile wapinzani wao walikuwa na ushindi 153. Na Patriots wenyewe walikuwa wametoka kushinda mechi zote 16 za msimu wa kawaida. Mzee alikuwa anaongea kama mtu aliyeshapewa kombe.

Mechi ya kwanza, robo ya kwanza, Tom Brady, kwotabeki wao (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi), akaumia goti dhidi ya Kansas City. Msimu wake ukaishia hapo. Akaingia Matt Cassel, ambaye hakuwa ameanza mechi kama kwotabeki tangu akiwa sekondari.

Kundi la Patriots lilikuwa pia na Miami Dolphins, walioshinda mechi moja na kupoteza 15 mwaka 2007. Mwaka 2008 wakashinda 11 na kupoteza tano, wakachukua kundi. Patriots nao 11 kwa tano, wakakosa mtoano! Hapa Boston kila mtu alikuwa na jibu moja: Miami kabebwa na ratiba ya timu ya mkia.

Haya, tuihakiki. Timu zote mbili zilicheza na kundi la magharibi la AFC na la magharibi la NFC, ambayo mwaka ule yalikuwa hovyo: Chiefs ushindi mara mbili, Rams mara mbili, Seahawks mara nne. Katika mechi hizo nane Patriots walishinda saba, Dolphins saba. Tofauti yao pekee kwa wapinzani ilikuwa zile mechi mbili za nafasi. Patriots kama mabingwa walipewa Colts na Steelers, wakapoteza zote, 18 kwa 15 na 33 kwa 10. Dolphins kama washika mkia walipewa Texans na Ravens. Nao wakapoteza zote, 29 kwa 28 na 27 kwa 13. Upendeleo wote ule ukazaa sifuri.

Kilichoinua Miami ni watu. Bill Parcells aliingia kusimamia timu, Tony Sparano akawa kocha, na kwotabeki Chad Pennington akaokotwa Agosti baada ya Jets, timu nyingine ya kundi hilo, kumtema ili wampishe Brett Favre. Mwezi Septemba walikuja hapa Foxborough, nyumbani kwa Patriots, wakawapiga 38 kwa 13. Ronnie Brown alifunga mara nne kwa kukimbia na mpira, akarusha pasi ya bao la tano.

Siku ya mwisho, Desemba 28, Patriots waliwafunga Bills 13 kwa 0 kwenye upepo mkali kule Buffalo, halafu wakabaki kusubiri. Ili wachukue kundi, Jets walipaswa kuifunga Miami. Shabiki wa Patriots kuiombea Jets ni kama mtu wa Simba kuiombea Yanga, lakini sebule nzima ya wazee iliomba. Pennington akaenda kwa waliomtema akashinda 24 kwa 17. Jioni hiyo hiyo Ravens nao wakashinda, na mlango wa pili, yaani nafasi ya mtoano kwa wasio mabingwa wa kundi, ukafungwa.

Kilichowatenganisha Patriots na Dolphins ni kigezo ambacho wengi hawakitazami: rekodi dhidi ya timu za upande wako. Dolphins walikuwa wamepigwa 31 kwa 10 na Arizona Cardinals, timu ya NFC, kwa hiyo kipigo kile hakikuhesabika hapo. Patriots waliwafunga Cardinals hao hao 47 kwa 7 kwenye theluji, na hawakupata chochote cha ziada. Vipigo vyao vyote vitano vilitoka AFC. Patriots saba kwa tano, Dolphins nane kwa nne, kwaheri.

Rudini kwenye kalamu nyekundu ya mzee. Msimu ulipoisha, wapinzani wa Patriots walikuwa na ushindi 123, si 99. Wapinzani wa Steelers walishuka kutoka 153 hadi 133. Tofauti ya 54 ikawa 10. Katika lile ongezeko la 24 la Patriots, 20 lilitoka Miami peke yao, maana unakutana nao mara mbili na wao wametoka ushindi mmoja hadi 11. Orodha ya kabla ya ligi inapima timu za mwaka jana. Haijui nani kabadili kocha, wala goti la nani litaachia.

Kinachoumiza kweli kwenye ratiba mara nyingi hakimo kwenye orodha: umepangiwa makundi gani, siku ngapi za kupumzika (kutoka Jumapili hadi Alhamisi ni siku nne, na huu mchezo unavunja watu), na safari. Patriots mwaka ule walitupwa pwani ya Pasifiki wiki mbili mfululizo mwezi Oktoba, wakarudishwa tena wiki mbili mfululizo Desemba.

Kuhusu timu za kubebwa, mkuu, mtu wa kumnyooshea kidole 2008 si Miami. San Diego Chargers walishinda nane, wakapoteza nane, wakachukua kundi lao kwa sababu hakuna mwenzao aliyewazidi. Na bingwa wa kundi ndiye anayekuwa mwenyeji, kwa hiyo Colts wenye ushindi 12 walisafiri hadi San Diego, wakafungwa 23 kwa 17 muda wa nyongeza. Mimi kanuni hiyo siipendi hadi leo. Raundi iliyofuata Chargers wakaenda Pittsburgh, wakala 35 kwa 24 kwa Steelers wale wale wa ratiba ngumu. Steelers hao ndio waliobeba Super Bowl, fainali ya ligi, 27 kwa 23 dhidi ya Cardinals.